Bunduki na risasi ya kulindia shamba: mwongozo kwa wakulima wa Lubumbashi

Mahindi yakianza kubeba, simu nazo huanza. Wenye mashamba barabara ya Kipushi, ya Kasenga, ya Likasi, wote wana swali moja: "Papa, ninunue bunduki gani? Ndezi wananimalizia shamba." Mimi siwatajii bunduki. Nawauliza swali langu: ukikosa, risasi itaishia wapi? Kama huwezi kunionyesha kwa kidole mahali itakapozama, tuache kwanza habari ya kununua.

Swali hilo nililipata kwa njia mbaya. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mbegu zimeshafukiwa, mvua bado haijashika, ardhi ngumu kama sakafu. Kundi la kanga lilikuwa linafukua mbegu mstari kwa mstari, kana kwamba lilinisaidia kuzihesabu. Nililala chini na karabini ya 22, bunduki inayofyatua risasi moja ndogo, nikalenga kanga mmoja mita kama 60, nikakosa. Nikasikia mlio mrefu mwembamba ukielekea mbali, nikadhani mambo yamekwisha. Jioni jirani yangu alikuja, akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na kipande cha risasi kilichokuwa bapa upande mmoja na kung'arishwa pale kilipokwaruza udongo. Kilikuwa kimetoboa bati la jiko lake, karibu nusu kilomita kutoka nilipokuwa nimelala, na mkewe alikuwa ndani anasonga bukari. "Papa, hii ni ya kwenu?" Hakupaza sauti hata kidogo. Tangu siku ile nachagua risasi nikianzia kule inakoishia.

Hatua ya kwanza: mjue mwizi

Usinunue chochote kabla hujazunguka shamba alfajiri ukiwa na macho tu. Ndezi, ambaye wengine humwita simbiliki, hukata bua la mhindi karibu na ardhi, mkato wa mshazari kama wa panga kali, kisha hulikatakata vipande vifupi na kuviacha palepale. Kinyesi chake kina mfereji mdogo uliopita kwa urefu upande mmoja; ukiuona huo, umemjua. Nungunungu hufukua mihogo na kuacha miiba. Nguchiro na bweha huja kwa kuku, na manyoya hukuonyesha njia waliyotokea. Kanga huja mchana, kwa kundi, wakati wa kupanda.

Nguruwe pori ni habari nyingine kabisa. Ni mnyama anayeweza kufika kilo 80 na zaidi, na silaha ninazozieleza hapa zitamjeruhi tu, aende kufia vichakani au arudi na hasira. Usimjaribu. Nyani na tumbili pia siwashauri watu wawapige. Ukimpiga mmoja, kundi hujifunza umbali wa bunduki yako na kurudi ukienda kula. Wanaoweza kuwafukuza ni watoto wakiwa na mtu mzima aliyeshika zamu, mbwa na kelele. Kakakuona hana kosa lolote kwa mkulima: anakula mchwa na sisimizi, na biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu 2017. Mpishe apite.

Kwa ndezi, silaha ya kwanza ni panga na jembe. Anaogopa kuvuka uwanja mtupu, maana juu kuna mwewe na bundi. Fyeka ukanda wa mita 3 au 4 kuzunguka shamba, uuweke safi, kisha uhesabu hasara tena baada ya wiki mbili. Wengi wa walionipigia simu waliishia hapo, na pesa za bunduki wakanunulia mbolea.

Hatua ya pili: tafuta mahali risasi itakapolala

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati ambayo wakulima wengi duniani hawana: vichuguu. Vikubwa vya huku hufika mita 8 kwenda juu na upana wa mita 14 au 15, na katika shamba la hekta chache hukosi viwili vitatu. Tunavichimba kwa matofali, tunapanda mboga juu yake kwa kuwa udongo wake ni mzuri, lakini vilevile ni ukuta wa kuzuia risasi. Chora ramani ya shamba lako kwenye karatasi, utie kila kichuguu, kila nyumba, kila kinjia, kisima, tanuri la matofali. Halafu tia alama pale tu ambapo mnyama akisimama, nyuma yake kuna kichuguu. Hapo ndipo pa kupigia. Kwingine kote ni marufuku, hata mnyama akikuchekea.

Kuna kasoro moja ya kichuguu. Wakati wa kiangazi ngozi yake huwa ngumu kama tofali lililochomwa, na ubavu wake uliolala unaweza kuirusha risasi juu badala ya kuimeza. Kwa hiyo upande utakaopigia, uchimbe uwe wima, na udongo laini uliotoka uulundike chini yake kimo cha kiuno. Ni kazi ya siku moja ya watu wawili.

Dungu nalo husaidia, kwa sababu ukipiga kutoka juu risasi inaelekea ardhini. Ila usilitegemee kupita kiasi. Dungu la mita 3 lina maana kwa mnyama aliye mita 15. Akiwa mita 60, risasi inakwenda imelala karibu sawa na ya mtu aliye chini, na ardhi ngumu itairusha kama ilivyorusha yangu.

Kumbuka pia majira ya watu. Mvua zikikolea, akina mama na watoto huingia vichakani kutafuta uyoga, na uyoga wenyewe mwingine huota kwenye vichuguu hivyohivyo. Kiangazi wako wakata miti wa kuchoma makala, yaani makaa. Mahali palipokuwa patupu Agosti pana watu Januari. Ramani yako iwe mbili, ya mvua na ya kiangazi.

Hatua ya tatu: karatasi kabla ya pesa

Uwindaji nchini mwetu unasimamiwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na silaha pamoja na risasi zake zinasimamiwa na amri-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Kwa lugha ya shambani: kibali cha kuwinda ni karatasi moja, ruhusa ya kumiliki bunduki ni nyingine, na moja haifanyi kazi ya mwenzake. Nenda kwanza kwenye ofisi ya mazingira ya mkoa, uliza wanyama gani wanaruhusiwa na miezi gani uwindaji umefungwa, kisha uulizie utaratibu wa silaha. Fanya hivyo kabla hujampa muuzaji hata faranga ya kishika uchumba. Bunduki inayouzwa bila karatasi zake usiinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yako, kwa sababu hujui ilikopita.

Usichague pia bunduki yenye sura ya silaha ya vita. Kwenye kizuizi cha barabarani askari hatasoma namba kwanza, ataangalia umbo.

Hatua ya nne: kalibri 12 au 22?

Kalibri ni kipimo cha mtutu: ya 12 hurusha punje nyingi kwa pamoja, ya 22 hurusha risasi moja ndogo. Hapa ndipo watu hubishana mpaka chai inapoa. Video nyingi zinazotazamwa kwenye simu zinatoka Marekani, ambako wakulima hupiga koyoti, au kidiri wa kuchimba mashimo, kwenye uwanda ulio wazi, mita 200 au 300. Kwa kazi hiyo wana risasi ndogo zinazokwenda kwa kasi kubwa: 223 Remington, ya mwaka 1964, inayorusha kipande cha gramu 3.6 kwa karibu mita 990 kwa sekunde, na 22-250, inayokwenda zaidi ya hapo. Ni risasi nzuri kwa ardhi yao. Kwetu, mahindi yanapita kichwa na pori la miombo linaanzia pale shamba linapoishia. Wanyama ninaowaona vizuri, karibu wote wako ndani ya mita 50. Risasi ya 223 iliyokosa inaweza kufika karibu kilomita 3. Sioni mkulima wa hapa anayeihitaji.

Linganisha na marisau, zile punje ndogo nyingi zinazotoka kwa mfyatuo mmoja. Wawindaji wana kanuni ya kukadiria: chukua upana wa punje moja kwa milimita, zidisha kwa 100, utapata mita ambazo haitazipita. Punje za milimita 2.5 huanguka kabla ya mita 250, za milimita 3 kabla ya mita 300. Kumbe risasi ya 22 LR, ile ndogo ambayo watu huiita ya kuchezea, inaweza kwenda kilomita moja na nusu. Ndiyo sababu kwa shamba lenye majirani, chaguo langu la kwanza ni kalibri 12 yenye marisau madogo, na ninalisema bila kusita.

Jina 12 lina hesabu yake: ukigawanya ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, katika mipira 12 iliyo sawa, kila mpira unaenea mtutu, milimita 18.5 hivi. Ndiyo maana kalibri 20 ni nyembamba kuliko 12. Kwa kanga na nguchiro, marisau ya milimita 2.5 hadi 2.75, kwa ndezi, milimita 3. Soma milimita kwenye boksi badala ya namba peke yake, kwa kuwa namba za Wafaransa na za Wamarekani hazilingani. Umbali ni mita 30, ukizidi sana 35. Zaidi ya hapo punje hutawanyika, mnyama huondoka na mbili tatu mwilini, akafe polepole mahali usipomwona. Shevrotini, zile punje nene, ziache dukani. Kila moja ni risasi kamili, na zinafika mbali.

Karabini ya 22 LR ina mahali pake. Ilianza 1887 na mpaka leo hakuna risasi rahisi kuipata na ya sauti ndogo kama hiyo. Gramu 2.6, kasi ya mita 330 hadi 380 kwa sekunde. Inamfaa mtu mwenye kichuguu kilichochimbwa vizuri na mnyama anayetulia: ndezi anayekula jioni, nguchiro kwenye banda. Chukua ile yenye tundu puani, ambayo hufunguka ikiingia nyamani, na uache ya pua nzima, ambayo hupita na kuendelea na safari. Hata hivyo, tabia yake ya kuruka ikigonga kitu kigumu au maji haiondoki. Kwenye bwawa la samaki usiifyatue kabisa.

Wapo wanaonitajia risasi za 22 Magnum na 17 HMR. Ya kwanza ina nguvu zaidi ya mara mbili ya 22 LR na inafika mita 100 kwa heshima. Ya pili, iliyotoka 2002, hurusha kipande cha gramu 1.1 tu kwa kama mita 775 kwa sekunde; hupasukapasuka ikigonga, kwa hiyo haina tabia kubwa ya kuruka, ingawa upepo wa Agosti huisukuma kando. Kama unaweza kupata risasi zake mwaka mzima kwa njia halali, sina ubishi. Bunduki isiyopata risasi ni fimbo ghali.

Gobore la kutengenezwa kijijini, lile wengi wanaloita pupu, nalikataa waziwazi. Mtutu wake mara nyingi ni bomba la maji. Bomba la maji halikuundwa kubeba baruti, na likipasuka hupasukia usoni na mkono wa kushoto.

Hatua ya tano: kuikagua bunduki iliyotumika

Bunduki nyingi za kalibri 12 unazoonyeshwa hapa ni za zamani, na nyingi ni za Ubelgiji, kutoka Liège na Herstal, mji wa jirani. Nyingine ni kazi safi kabisa ya mikono. Lakini nenda na mtu anayejua, na uikague mwenyewe pia.

Hakikisha haina kitu ndani. Ifungue, elekeza mtutu kwenye mwanga, tazama kutoka nyuma. Duara za mwanga ndani ya mtutu ziwe safi. Ukiona duara limebonyea upande mmoja, mtutu umepigwa au umevimba. Pitisha ukucha nje taratibu kutafuta uvimbe. Funga bunduki, shika kitako na mtutu, tikisa kushoto na kulia: ikicheza kwenye maungio, iache. Mtutu wenye michoro kama ya mbao au maji ni chuma cha kusokotwa cha zamani. Utundike ukutani, usiufyatue kwa baruti ya leo.

Jambo linalowapita wengi ni urefu wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa kartushi, lile ganda lenye baruti na marisau. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zina chemba ya milimita 65, na kartushi za leo ni za 70. Ya 70 itaingia bila shida, na hilo ndilo linalodanganya: urefu ulioandikwa ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kufyatuliwa. Ndani ya chemba fupi, mdomo wa ganda hufungukia mahali mtutu unapoanza kubana, msukumo hupanda, na chuma cha miaka 70 huuvumilia mara kumi, si mara ya kumi na moja. Angalia alama zilizogongwa chini ya mitutu, pale penye chemba. Kama huzioni, fundi apime.

La pili: kartushi ya 20 isikae kamwe mfuko mmoja na za 12. Ikitumbukizwa kwa haraka kwenye chemba ya 12 inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mtu anaona chemba tupu, anatia ya 12 nyuma yake, anafyatua. Mtutu unapasuka. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza za 20 kwa ganda la njano, uione hata kwenye giza la jioni. Vivyo hivyo 22 LR usiitie kwenye bunduki ya 22 Magnum: ganda lake ni jembamba, litachanika na gesi kukurudia.

Kisha ipandishe begani ukiwa umefumba macho, ufumbue. Kama unaona reli ya mtutu imenyooka mbele yako bila kunyoosha shingo, kitako kinakufaa. Kama sivyo, utakosa kila siku na kulaumu kartushi.

Hatua ya sita: ijaribu kwenye karatasi

Kwa 12, bandika magazeti mpaka yawe na upana wa mita moja, yaegemeze kwenye ukuta wa kichuguu, piga kutoka mita 30. Chora duara la sentimita 75 pale punje zilipojaa. Kata umbo la kanga kwenye kadibodi, ulisogeze ndani ya duara: kama kuna pengo ambalo linaingia lote bila kuguswa na punje nne au tano, rudi mita 25, au jaribu aina nyingine ya kartushi. Nimeona bunduki moja ikitawanya vibaya kwa kartushi ghali na kushona vizuri kwa zile za bei ya chini.

Kwa 22, weka mtutu juu ya mfuko wa mahindi, piga tatu tatu kwa mita 50, rekebisha shabaha kwa wastani wa zile tatu, usifuate moja moja. Nunua boksi moja la kila aina unayoipata, kwa sababu karabini za 22 huchagua chakula. Ikishapenda aina moja, nunua za kutosha za aina hiyohiyo. Kisha piga mita 100, uone kwa macho yako jinsi risasi inavyoanguka sentimita 15 hadi 20 chini ya ulipolenga. Ukishaliona hilo, hutashawishika kumpiga ndezi wa mbali.

Nyama, na kuhifadhi

Risasi lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kitu kinachofyatuliwa, na madini hayo ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kata na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, chunguza iliyobaki kwa vidole, na nyama ya marisau usiwape wajawazito wala watoto wadogo. Utumbo uliotobolewa ufukie, mbwa wasiule.

Bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, kartushi kabati jingine, funguo kwako. Kama una santineli wa usiku, mpe tochi na filimbi. Kila ukitumia kartushi andika kwenye daftari tarehe, idadi, na ulipoelekeza. Mvua zikiwepo, futa mtutu kwa mafuta kila jioni, hata kama hukufyatua.

Na kabla ya jioni ya kwanza, chukua ile ramani uende nayo kwa majirani wote wa pande nne. Waonyeshe utakapokaa, upande utakaoelekea, na saa. Yule wa bati nilimlipa bati lake, kisha tukatembea pamoja mpaka wote, tukaafikiana vichuguu viwili tu. Akituma watu kukata miti upande ule, hunipigia simu asubuhi, na siku hiyo bunduki yangu haitoki kabatini.